Mwisho wa Agosti, tuende ufukwe gani?



Wiki mbili zilizopita meza yetu ya jikoni iligeuka bunge. Hoja ilikuwa moja tu: likizo ya majira haya ya joto tunakwenda wapi? Binti yetu wa miaka 14 alikuja na simu iliyojaa picha za Cancún, mchanga mweupe na maji ya rangi ya feruzi. Mdogo wake wa miaka 11 alisema yeye popote, mradi iwe bahari ya kuogelea, "siyo ya kuangalia". Baba Watoto, ambaye kaka yake anaishi Muscat, akapendekeza Salalah. Na mimi, kama mnavyonijua, nilikuwa nimeshaamua kabla kikao hakijafunguliwa: Tanga, kwa mama yangu.

Tarehe hazikuwa na mjadala. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenzangu walishaichukua Julai yote, nami nikabakiwa na wiki mbili na nusu za mwisho wa Agosti. Kusogeza mbele hakuwezekani, kwa sababu shule hapa England zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na ukimtorosha mtoto shuleni kwa ajili ya safari, faini ni paundi 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na huwa 160 usipolipa ndani ya siku 21. Watoto wawili, wazazi wawili: piga hesabu mwenyewe.

Nafuu ya mwisho wa Agosti ni kwamba tiketi za kuondoka huanza kushuka, maana wengi wameshaondoka mwanzoni mwa likizo na sasa wanarudi. Lakini nafuu hiyo ina sababu nyingine ambayo matangazo hayaisemi. Bahari nyingi za joto, wakati huo, haziko katika hali yake nzuri. Basi tukakubaliana kwamba kabla ya kupiga kura, kila mjumbe aende akachunguze bahari yake, arudi Jumapili na majibu.

Nawaletea tuliyoyapata, maana najua nyumba nyingi zina bunge kama hili.

Karibi na Mexico

Binti yangu alirudi amenuna kidogo, lakini alikuwa mkweli. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Yaani mwisho wa Agosti unapanda ngazi kuelekea kileleni. Kimbunga Irma kiliipiga Barbuda tarehe 6 Septemba 2017, na watu wote wa kisiwa kile wakahamishiwa Antigua. Kimbunga Dorian kilitua Abaco, visiwa vya Bahamas, tarehe 1 Septemba 2019, kisha kikakaa juu ya Grand Bahama zaidi ya siku nzima.

Hii haina maana kwamba kila anayekwenda Karibi Agosti atakutana na kimbunga. Wengi huenda wakarudi salama na nguo zao kavu. Lakini ni bahati nasibu, na sisi tunaoweka akiba ya miaka miwili kwa safari moja hatupendi bahati nasibu. Ukiamua kwenda, kata bima siku ileile unayolipia safari. Kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua baada ya hapo kwa kawaida haitakulipa kwa ajili ya kimbunga hicho.

Kuna na mwani. Tangu 2011, mwani wa kahawia unaoelea kutoka Atlantiki umekuwa ukija kwa wingi fukwe za Karibi na upande wa Cancún, hasa miezi ya joto. Hauui mtu, lakini ukioza harufu yake ni ya mayai viza, na picha zile za kwenye simu hupigwa siku ambayo haupo.

Anayeitaka Karibi lazima mwezi huo, atazame kusini kabisa: Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela. Vimbunga hupita huko mara chache sana.

Salalah

Baba Watoto alimpigia kaka yake, akarudi na habari nusu kwa nusu. Ni kweli kwamba Muscat Agosti ni tanuri, na Salalah, kiasi cha kilomita 1,000 kusini, ni nchi nyingine. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba huwa msimu wa khareef: ukungu, manyunyu, milima ya kijani, joto la nyuzi ishirini na kitu tu. Familia kutoka Ghuba yote humiminika kule kupumua. Minazi ipo, migomba ipo, hata madafu yanauzwa barabarani, na Mswahili akifika anajiona yuko nyumbani.

Ila bahari haiogeleki. Upepo uleule unaoleta ukungu ndio unaoleta mawimbi makubwa, na kuingia majini msimu huo ni hatari. Kaka mtu mwenyewe alisema: "Waleteni watoto waone milima, siyo bahari." Mdogo wetu aliposikia hivyo, akafuta Salalah kwenye karatasi bila kuomba ruhusa ya spika.

Asia

Hii niliichunguza mimi, kwa sababu mwenzangu kazini alikuwa anaisifu Phuket. Upande ule wa magharibi wa Thailand huwa katika mvua kuanzia Mei hadi Oktoba, na bendera nyekundu ufukweni ni jambo la kawaida, kwa kuwa mikondo ya maji humvuta mtu. Goa, India, mvua zake ni Juni hadi Septemba. Koh Samui, upande wa pili wa Thailand, ni afadhali, kwani mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Na Bali mwezi Agosti ni kiangazi kizuri kabisa. Lakini kutoka hapa ni safari ya mchana na usiku, na mfuko wetu ulikohoa tulipoona bei ya watu wanne.

Na pwani yetu?

Hapo ndipo nilipojisikia fahari kama vile niliitengeneza mwenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki mwezi Agosti iko katika kusi. Masika yameshapita, vuli bado. Jua la mchana ni la wastani, usiku unaweza kujifunika shuka. Pengine vinyunyu vya mchoo vitapita asubuhi, halafu jua linatoka. Vimbunga hakuna: huku kusini mwa ikweta msimu wake ni Novemba hadi Aprili, na hata hapo pwani yetu iko karibu mno na ikweta, huifikia kwa nadra.

Wazee wetu walikuwa na jina la kipindi hiki hasa, mwisho wa Agosti kuelekea Oktoba. Waliita demani: kusi limeanza kuchoka, upepo umelegea, bahari imetulia. Marehemu babu yangu, aliyevulia Tanga maisha yake yote, alikuwa akisema demani ndiyo miezi ya kumwonyesha bahari mtu mwoga.

Msikilizeni babu, lakini mjue na haya. Kusi halizimiki kama taa. Mwezi Agosti bado upepo unavuma kwenye fukwe zinazotazama mashariki, kama Paje na Jambiani huko Unguja. Ndiyo maana vijana wa kuteleza majini kwa matiara wanazipenda. Mwenye watoto wadogo ataona maji yametulia zaidi Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini, ambako pia maji hayapwi kwenda mbali sana. Kenya, Diani na Watamu ni nzuri, na Watamu miezi hii nyangumi hupita wakielekea maji ya joto kuzaa. Mafia ni pazuri, lakini msiwaahidi watoto papa potwe: wale huonekana zaidi Oktoba hadi Februari.

Kisha kuna maji kujaa na kupwa, jambo ambalo wageni hulalamikia kila mwaka kana kwamba waliibiwa. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: tofauti ya maji kupwa na kujaa yaweza kufika kiasi cha mita nne. Pwani yetu siku za bamvua maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Kwa hiyo asubuhi ni ya kutembea kwenye mchanga na matumbawe na viatu vya plastiki miguuni, kuona kaa na kina mama wa mwani kazini. Kuogelea ni saa tisa, saa kumi. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Kabla hujalipia chumba, angalia kalenda ya mwezi. Haikugharimu kitu.

Kura, na swali lililobaki

Kwa hiyo Jumapili nyumbani ilishinda. Nilitaka kufunga kikao hapohapo. Lakini binti yangu akanyoosha mkono.

"Mama, tunakwenda baharini au tunakwenda kwa bibi?"

Nikamwambia ni kitu kimoja. Akasema, "Siyo kitu kimoja. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Na nawasimulia, kwa sababu nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, wala siyo kwenye vimbunga.

Mwaka 2019 tulikwenda Tanga siku 18. Masanduku sita, matano ya zawadi. Siku ya kwanza tulilala. Siku ya pili wakaja kutuamkia. Kuanzia siku ya tatu tulikuwa watu wa kwenda kuhani misiba iliyopita tukiwa mbali, kuona wagonjwa, kusalimia upande wa baba, upande wa mama, upande wa mume. Kila nyumba unakaa, unakula, unaacha bahasha. Watoto walivumilia, maskini, wakinywa soda kwenye makochi ya watu wasiowajua. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone siyo mbali, na hatukufika. Siku tunaondoka, barabarani, mdogo wetu akaiona bahari kupitia dirisha la gari, akauliza, "Ndiyo hiyo bahari ya bibi?" Alikuwa ameiona siku anayoiaga.

Mwaka 2023 tukasema safari hii hapana. Tulikwenda siku 16, na siku ya tisa tukaondoka sisi wanne kwenda Unguja, usiku nne. Mama nilimwambia jioni ya kabla yake. Hakusema neno. Alfajiri aliamka akapika mikate ya kumimina, akatufungia kwenye kawa, akatuambia safari njema. Tukafurahi Nungwi, watoto wakaungua migongo kwa kuogelea. Tuliporudi mama alikuwa vilevile, anacheka, anapika. Ni mama mdogo aliyenivuta pembeni siku ya mwisho akanieleza mama alichomwambia tulipoondoka: "Wajukuu zangu wamekwenda kulala hotelini. Kumbe nyumba yangu haina vitanda?"

Nililia ndani ya ndege mpaka Addis Ababa. Baba Watoto akadhani ni uchungu wa kuondoka.

Basi ndugu zangu, hili ndilo nililotaka kusema mwezi huu. Likizo ya ufukweni ni safari moja, na kurudi nyumbani ni safari nyingine. Anayezichanganya bila kusema, huzikosa zote mbili: ama watoto wanarudi bila bahari, ama mama anabaki na jambo moyoni. Zinaweza kwenda pamoja ndani ya tiketi moja, lakini lazima kila moja ipewe siku zake, na wenye nyumba waambiwe mapema. Siyo jioni ya kabla.

Usiku uleule wa kikao nilimpigia mama kabla hatujagusa tiketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamweleza yote. Kwamba tunakuja Agosti, siku 17. Kwamba watoto wanataka bahari, na safari ile ya Unguja sikufanya vizuri, naomba radhi. Kwamba safari hii tunafikiria Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, siku nne katikati ya safari, na tungependa sana na yeye aje.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Halafu akauliza: "Huko Ushongo kuna ngazi?"

Magoti yake, mnajua. Nikamwambia hakuna ngazi, ni nyumba za chini, ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Akasema atakuja usiku mbili, siyo nne, kwa kuwa kuku wake hawezi kumwachia mtu. Akasema na maji ya bahari ni dawa ya miguu. Kisha akacheka peke yake, akasema mara ya mwisho kuingia baharini ni walipokuwa wakienda kuoga mwaka, na mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mama yangu anaishi umbali wa kutembea kutoka baharini. Miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba na yeye hajaigusa.

Jinsi tulivyopanga

Kila familia na mambo yake, lakini huu ndio mpango wetu, mchukue panapofaa.

Siku tano za kwanza ni za nyumbani. Salamu, pole na pongezi zote ziwekwe hapo. Badala ya kuzunguka nyumba kumi na mbili, mama atafanya dua na chakula siku ya tatu, na jamaa watakuja wao. Gharama ya sufuria mbili za pilau ni ndogo kuliko teksi na bahasha za wiki nzima, na wazee wanaonana wenyewe kwa wenyewe.

Siku za bahari ziko katikati. Usiziweke mwisho, kwa sababu mwisho huliwa na mambo: msiba, mgonjwa, karatasi za kiwanja. Usiziweke mwanzo, kwa sababu mama hatakuelewa umepitaje mlangoni kwake kwenda kwa watu. Na siku tatu za mwisho rudini nyumbani, muagane kwa utulivu.

Nyumba ya kukodi yenye jiko hutufaa kuliko hoteli, kwa kuwa tunakwenda watu saba: sisi wanne, mama, na watoto wawili wa kaka yangu. Hao binamu ndio watakaowafundisha watoto wetu Kiswahili kwa siku nne kuliko mimi kwa mwaka mzima. Mwombe ndugu aliyeko huko aulize bei na kuweka nafasi, maana sehemu nyingi zina bei ya wakazi na bei ya wageni. Siku moja tutakwenda na mashua Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu ambacho maji yakijaa hakionekani. Hiyo ndiyo siku ya kuangalia kalenda ya mwezi kweli kweli.

Msiyoyasahau

Malaria kwanza. Wengi wetu tunasema, "Mimi nimezaliwa kule, haniwezi." Kinga ile hupungua ukikaa nje miaka, na watoto waliozaliwa huku hawakuwa nayo kamwe. Hapa Uingereza wengi wa wanaougua malaria ni watu kama sisi, tuliokwenda kusalimia ndugu. Muone mfamasia au daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu dawa hutofautiana: nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili au tatu, na zote huendelea baada ya kurudi. Mtoto akipata homa baada ya safari, hata ikipita miezi, mwambie daktari mlikuwa wapi.

Karatasi. Mwenye pasi ya Uingereza hulipa dola 50 za viza ya kawaida ya Tanzania, mwenye ya Marekani dola 100. Inauma kulipa kuingia ulikozaliwa, najua, lakini weka kwenye bajeti. Anayekwenda Zanzibar, tangu Oktoba 2024 mgeni hutakiwa kununua bima ya huko ya dola 44 kabla ya kufika, hata kama ana bima yake nyingine. Kenya ilibadilisha viza kwa kibali cha mtandaoni mwaka 2024. Na kwa kuwa katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, wazazi Wakenya fikirieni kuwatolea watoto pasi za kwao. Mkiunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12, mwaweza kuulizwa cheti cha homa ya manjano.

Mifuko ya plastiki iacheni huku. Kenya ilipiga marufuku 2017, Tanzania 2019. Fungeni zawadi kwa vitambaa.

Na jua. Upepo wa kusi unadanganya, mtu hahisi joto, jioni mgongo unatoka malengelenge. Weusi wetu siyo mwavuli. Watoto wavae fulana majini.

Kwa wanafunzi, na wasioweza kurudi

Wanafunzi wa vyuo hapa Uingereza, nyinyi mna bahati ambayo sisi wenye watoto hatuna. Vyuo vingi hufunguliwa mwisho wa Septemba au baadaye. Nendeni Septemba katikati: shule zimefunguliwa, tiketi zimeshuka, na demani imekolea. Walioko Marekani ni kinyume, kwa kuwa vyuo vingi vinaanza Agosti, basi safari yenu iwe ya Juni au Julai. Walioko Ghuba, ndege kwenda pwani ni mwendo wa saa tano hadi sita tu. Hata siku nne za mapumziko zinatosha kuukimbia moto wa Muscat.

Na wako wenzetu ambao nyumbani hakurudiki. Jirani yangu ni Mkongomani wa Bukavu. Bahari yake ya utotoni ilikuwa Ziwa Kivu, na kwa sasa hathubutu kwenda. Nilipomsimulia mambo yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema watoto wake anawapeleka Skegness, wanavaa makoti, wanakula samaki wa kukaanga na kucheka upepo. "Maji ni maji," akaniambia. Mwaka huu, kabla hatujaondoka, tumekubaliana kwenda nao Jumamosi moja. Mimi nitapika viazi vya nazi, yeye ataleta sambusa. Bahari ya baridi, lakini itakuwa ya kuogelea, na mdogo wetu ameapa ataingia.

Tiketi za Tanga tulinunua juzi. Mama ameshapiga simu mara tatu tangu hapo. Ya kwanza kuuliza tutafika saa ngapi. Ya pili kusema kuku amempata mtu wa kuwaangalia. Na ya tatu, kwamba kama nafasi ipo, atakaa usiku zote nne.

Niandikieni na nyinyi bunge lenu limeamua nini. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.